Yule mama wa kwenye machela hakuwa mwigizaji

SEHEMU YA 1

Wiki hii niliahidi tuongee kuhusu kukamua na kuhifadhi maziwa kwa wanaorudi kazini. Tutaongea, ila leo nina jambo limenikaa kooni na nisipolitoa sitalala.

Juzi kwenye grupu moja la wazazi, grupu la kukumbushana tarehe za kliniki na kuuziana nguo za watoto, kuna mtu karusha picha. Mjamzito kalazwa kwenye machela, wanaume wamembeba mbiombio wanapita kwenye kifusi, nyuma yao jengo limetoboka madirisha yote. Chini yake kaandika: "Mnamkumbuka huyu mwigizaji wa Ukraine?" Yakafuata makatuni ya kucheka. Mengine yametoka kwa wanawake niliowapima mimba kwa mikono yangu hii.

Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Nikaona jibu langu halitoshi kule, nalileta huku kwa mafungu. Kama unanyonyesha shika simu kwa mkono mwingine, usome taratibu. Picha siiweki, maana watoto wanashika simu zenu kuliko nyie wenyewe.

Kwanza tuelewane ni picha gani. Mariupol ni mji wa bandari kusini mashariki mwa Ukraine, kwenye Bahari ya Azov. Urusi iliivamia Ukraine Februari 24, 2022, na ndani ya siku chache mji ule ukazingirwa. Umeme ukakatika, maji yakakatika, simu zikakatika. Machi 9 ikapigwa hospitali ya wazazi na watoto, ile waliyoiita namba 3. Uani likabaki shimo lenye kina cha jengo la ghorofa mbili. Watu waliokuwa zaidi ya kilomita moja na nusu kutoka pale walisikia ardhi ikitikisika.

Waliopiga picha ni timu ya shirika la habari la AP: Mstyslav Chernov wa video, Evgeniy Maloletka wa picha, na Vasilisa Stepanenko, mtayarishaji wao. Hao ndio waandishi wa mwisho wa chombo cha kimataifa kubaki ndani ya mji. Video ya siku ile waliituma gizani: faili waliligawa vipande vitatu, wakapanga simu tatu, kila moja ikabeba kipande chake. Ilichukua masaa, na muda wa kutotoka nje ulishapita zamani.

Nawaambia hivi kwa sababu kuna mtu kule kwenye grupu kasema "hizo ni za studio Ulaya". Studio gani hiyo ya kutuma video kwa vipande kama watu wanaochangia bando?

SEHEMU YA 2

Sasa nivae gauni langu la kazi. Mimi ni mkunga, leba ndiyo nyumbani kwangu.

Mlioiona ile picha, kumbukeni mkono wake. Kaushika ubavu wa chini wa tumbo, upande wa kushoto, penye damu. Hapigi kelele. Uso umepauka kama unga. Watu wasiojua hudhani mtu aliyeumia sana ndiye anayelia sana. Nesi yeyote atakwambia anayelia bado ana nguvu za kulia, tunayemkimbilia ni yule aliyenyamaza na kubadilika rangi.

Mama mwenye mimba kubwa akivunjika mifupa ya nyonga, damu nyingi inaweza kumwagikia ndani na wewe ukaona kidogo tu nje. Mji wa mimba miezi ya mwisho unapitisha damu nyingi mno. Kishindo chenyewe kinaweza kubandua kondo la nyuma, na likibanduka mtoto anakosa hewa hapo hapo, hata kama hana mchubuko. Unaanza kuhesabu dakika, na huna nyingi.

Yule mama walimkimbiza hospitali nyingine iliyokuwa karibu na mstari wa mapigano. Daktari wa upasuaji aliyempokea aliwaeleza AP alichokikuta: nyonga imesagika, paja limechomoka kwenye kiungo. Wakamfanyia oparesheni, mtoto akatoka hana dalili ya uhai. Wakamgeukia mama, wakamhangaikia zaidi ya nusu saa. Naye akafa. Alipoanza kuelewa kwamba mtoto anampoteza, aliwapigia kelele wamuue na yeye.

Niambieni sasa ni vipodozi gani vinavyosaga nyonga.

Neno "mwigizaji" halikuanzia kwenye grupu letu. Machi 10, kesho yake tu, ubalozi wa Urusi mjini London uliandika kwenye Twitter kwamba mjamzito kwenye picha zile ni mrembo wa mitandaoni aliyepakwa rangi zinazofanana na majeraha, tena eti kacheza nafasi zote mbili, ya mama wa machela na ya mama mwingine. Twitter wakaziondoa posti zile. Lakini neno likishatoka mdomoni halirudi, ndiyo maana miaka imepita na bado linazunguka kwenye grupu la nguo za watoto.

Huyo mama mwingine ni nani? Ni yule wa nguo za kulalia zenye madoadoa, kajitanda blanketi, ana damu usoni, anashuka ngazi kwa miguu yake. Kabla ya vita alikuwa na ukurasa wake wa Instagram wa urembo. Basi hiyo ndiyo ikawa ushahidi. Kwani mwanamke anayetangaza poda habebi mimba? Wangapi humu mnauza lipstiki na mkoba wa kujifungulia uko mlangoni? Machi 11 waandishi wale wale walimkuta kwenye hospitali nyingine, kashajifungua mtoto wa kike kwa upasuaji. Mmoja kafa na mtoto wake, mwingine kazaa mzima. Halafu mtu anakaa kwenye kochi anakwambia ni mtu mmoja.

Na wale wa "mbona anatembea?" Wadogo zangu, nimepokea mama katoka kwenye ajali ya bodaboda, katembea mwenyewe mpaka dirisha la kadi, kajiandikisha, kakaa foleni, ndipo akaanguka. Hofu inamsimamisha mtu.

SEHEMU YA 3

Hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndiyo kiini cha ugomvi wangu.

Mtoto akiletwa kaungua, tunamtibu, na huku tunauliza maswali. Imekuwaje? Mama anasema kajimwagia uji. Shangazi anasema kaanguka kwenye maji ya kuoga. Baba anakuja mbio anasema hata hajaungua, ni ngozi tu imetoka. Mimi siyo polisi, lakini tumefundishwa: maelezo yakibadilika kila anapoingia mtu mpya, andika. Kila maelezo kivyake, saa yake na jina la aliyesema. Kuna kitu hapo.

Tuandike basi. Machi 10 Waziri wa Mambo ya Nje wa Urusi, Sergei Lavrov, akiwa Antalya, Uturuki, anasema hospitali ile ilikuwa imeshachukuliwa na wapiganaji wa kikosi cha Azov, wajawazito na wauguzi walishaondolewa. Msemaji wa Wizara ya Ulinzi, Igor Konashenkov, anasema ndege za Urusi hazikupiga kitu eneo la Mariupol, ni maigizo yaliyopangwa. Msemaji wa Kremlin, Dmitry Peskov, anasema hawana taarifa kamili, watawauliza wanajeshi. Ubalozi wa London unasema ni mrembo kapakwa rangi.

Tulipiga kwa sababu kulikuwa na wapiganaji. Hatukupiga kabisa. Hatujui, ngoja tuulize. Ni rangi. Chagueni moja basi jamani! Huwezi kuniambia kuku nilikula alikuwa wangu, halafu sikula kuku, halafu hakukuwa na kuku.

Wengi wenu mliishika ile ya kwanza: "lakini kulikuwa na wapiganaji". Sawa, tuichukue kama ilivyo. Mkataba wa Nne wa Geneva wa mwaka 1949, kifungu cha 18, unasema hospitali za raia hazitashambuliwa kwa hali yoyote, na unataja kwa jina wanaolindwa: majeruhi, wagonjwa, wasiojiweza na wanawake wanaojifungua. Tumo humo. Kifungu cha 19 kinasema ulinzi unaondoka tu kama hospitali inatumika kumdhuru adui nje ya kazi yake ya tiba, tena baada ya kutoa onyo na kuwapa watu muda wa kutosha kutoka. Askari aliyelazwa kitandani hahesabiki.

Wataalamu watatu wa sheria walioteuliwa chini ya shirika la OSCE la usalama na ushirikiano wa Ulaya walichunguza, ripoti yao ikatoka Aprili 2022. Walisema shambulio lilifanywa na Urusi, onyo lenye maana halikutolewa, muda haukuwekwa, na waliohusika wametenda uhalifu wa kivita. Kwa hiyo hata ukikubali maneno yote ya Lavrov, bado wajawazito walipaswa kuambiwa watoke. Hakuna anayeweza kuonyesha waliambiwa.

SEHEMU YA 4

Nimeletewa hoja inboksi na dada mmoja, ya heshima kabisa, naijibu hapa. Anasema: "Lakini sista, yule mwenye madoadoa mwenyewe alisema hakusikia ndege."

Ni kweli alisema. Mwanzoni mwa Aprili ilitoka video ya mahojiano, akiwa upande unaoshikiliwa na Urusi, akihojiwa na mwanablogu wa upande huo. Akasema yeye na wenzake hawakusikia ndege, wakadhani ni mizinga. Akasema pia alikuwa hataki kupigwa picha. Watu wakashangilia, "mnaona!" Na upande wa pili wakamgeuka, wakamwita msaliti. Mzazi wa wiki chache, na dunia nzima inamzomea, leo hawa, kesho wale.

Mimi namwamini. Mtu kalala wodini, ghafla vioo, fremu na kuta vinamrukia, atajuaje kilichotoka juu na kilichotoka pembeni? Nimehudumia mama waliotoka damu nyingi, ukiwauliza kesho yake nani alikuwa zamu, wanamtaja mtu aliyekuwa likizo. Hawadanganyi. Kwenye kile anachokijua yeye, yaani alikuwepo, alikuwa mjamzito, ukuta ulimwangukia, hajawahi kukana hata mara moja. Swali la ndege au mzinga halijibiwi na mgonjwa peke yake. Linajibiwa na shimo, na waliokuwa nje. AP walikuwa na polisi aliyeisikia ndege, walikuwa na sauti ya ndege kwenye video yao wenyewe, na walikuwa na shimo lile la ghorofa mbili. Na yeye yule video ilipotoka, wao waliweka hadharani mahojiano waliyomfanyia Machi 11, watu wapime wenyewe.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka muione. Mwenye kumbukumbu za siku yenyewe anazitoa. Asiye nazo anakutafutia mrembo.

SEHEMU YA 5

"Sista umenunuliwa na wazungu." Haya, imekuja, nilikuwa naisubiri.

Tuwaangalie Wamarekani. Oktoba 3, 2015, saa nane na dakika chache usiku, mji wa Kunduz, Afghanistan. Kulikuwa na hospitali ya majeruhi ya Madaktari Wasio na Mipaka, MSF. Walishawapa majeshi ya pande zote alama za GPS za jengo, mara ya mwisho Septemba 29, siku nne tu kabla. Ndege ya Marekani aina ya AC-130 ikaanza kulipiga jengo kuu, ikazunguka na kupiga tena, karibu saa nzima. MSF walikuwa wanapiga simu na kutuma meseji Kabul na mpaka Washington: mnapiga hospitali, mnapiga hospitali. Kuna wagonjwa mahututi walioungulia vitandani. Nesi mwenzangu, wewe unayejua mgonjwa wa mashine hawezi kukimbia, soma sentensi hiyo na unyamaze kidogo.

Sasa angalia maneno ya jeshi. Kwanza: kulikuwa na shambulio dhidi ya watu waliokuwa wanahatarisha wanajeshi wetu, na "huenda" kituo cha afya cha jirani kimepata madhara. Oktoba 5, Jenerali John Campbell: ni wanajeshi wa Afghanistan walioomba msaada. Oktoba 6, mbele ya Baraza la Seneti: uamuzi ulikuwa wa Marekani, hospitali ilipigwa kwa makosa. Oktoba 7, Rais Obama anampigia mkuu wa MSF kuomba radhi. Uji, maji ya kuoga, ngozi tu imetoka. Si mnaona? Ni kipimo kile kile, mgonjwa mwingine.

Idadi nayo ilipanda. Siku za mwanzo walitajwa watu 22, kufika Desemba ni 42: wagonjwa 24, wafanyakazi 14, na ndugu wauguzaji 4. Ilipanda kwa sababu miili ilikuwa imeungua kiasi cha kutotambulika, na MSF hawakutaka kuhesabu mtu mpaka wawe na uhakika ni nani. Mtu wa mitandaoni angesema "mnaona, wanaongeza". Mimi naona watu wanaofanya kazi yao.

Mwaka 2016 jeshi la Marekani likatoa ripoti ya kurasa zaidi ya 3,000, wanajeshi 16 wakapewa adhabu za kiutawala, hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa jinai. MSF walitaka uchunguzi huru, hawakuupata. Nani kaninunua hapo?

SEHEMU YA 6

Gaza. Najua hii itaniletea matusi, lakini nikiiruka nitakuwa mnafiki.

Oktoba 17, 2023, usiku, mlipuko kwenye uwanja wa hospitali ya Al-Ahli mjini Gaza, watu wengi walikuwa wamekimbilia pale kujihifadhi. Muda mfupi baadaye vyombo vikubwa vikaandika: Israeli imepiga hospitali, watu 500 wamekufa, wakiinukuu mamlaka ya afya ya Gaza. Baadaye mamlaka ile ikasema 471. Israeli ikasema ni roketi ya Islamic Jihad iliyoharibika njiani. Ujasusi wa Marekani ukakadiria waliokufa kati ya 100 na 300. Human Rights Watch walipochunguza, Novemba mwaka ule, wakasema dalili zinaelekea kwenye roketi ya aina inayotumiwa na vikundi vya Kipalestina, na wakataka uchunguzi kamili. Wachunguzi wengine wameyapinga maelezo ya Israeli. Hadi leo hawajakubaliana wote.

Na mimi usiku ule nilirusha. Niliweka status na idadi ile ile ya 500 kama vile nilikuwepo nikihesabu. Asubuhi niliifuta kimyakimya, sikusema kitu.

Kazini ningefanya hivyo ningeitwa ofisini. Kwenye faili la mgonjwa ukikosea hufuti. Hupaki ile rangi nyeupe, huchani ukurasa. Unapiga mstari mmoja ili la zamani lisomeke, unaandika sahihi pembeni, unaweka saa na saini yako, ili daktari ajue mgonjwa alipewa nini saa ngapi na nani alikosea. Gazeti la New York Times, Oktoba 23, lilitoa maelezo ya wahariri likikiri kwamba vichwa vyake vya mwanzo viliegemea mno madai ya Hamas na havikumwonyesha msomaji kwamba hayajathibitishwa. BBC nao walikiri kwamba mwandishi wao alikosea kukisia hewani. Mnaowacheka kwa hilo, niambieni: wale wa Kunduz waliobadilisha maneno mara tatu, na wale wa "mwigizaji wa London", mstari wao uko wapi?

Na msichukue kosa la usiku ule mkafanya shuka la kufunikia kila kitu. Hospitali za Gaza zimepigwa, na siyo mara moja. Agosti 25, 2025 ilipigwa hospitali ya Nasser huko Khan Younis, wakafa watu wasiopungua 20, watano wao waandishi wa habari. Mmoja ni Mariam Dagga, aliyekuwa anaifanyia kazi AP, shirika lile lile la Mariupol. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka 13. Jeshi la Israeli lilikiri kupiga, Waziri Mkuu Netanyahu akaiita ajali ya kusikitisha. Kwa hiyo AP ni ya nani? Ikiwa Mariupol ni ya Magharibi, ikifika Khan Younis ni ya nani?

Sasa narudi kwa dada aliyeandika kule kwenye grupu "wote waongo tu, siamini mtu". Mdogo wangu, unadhani umejikinga. Nesi anayesema "vipimo vyote vinadanganya" ataacha kupima presha, na mama wa kifafa cha mimba atadegedeka mbele ya macho yake. Kuna kipimo kibovu, kuna kilichoshikwa vibaya, kuna cha kurudia. Na mwenye ndege anafurahi sana wewe ukisema hivyo. Hahitaji umwamini yeye. Anahitaji tu usimwamini yule mama.

SEHEMU YA 7

Ya mwisho, fupi. Jirani zetu.

Juni 22, 2021, Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, siku ya soko kijiji cha Togoga. Ndege ikapiga soko. Maofisa wa afya wa kule walitaja waliokufa kuwa zaidi ya 50, watoto wamo. Magari ya wagonjwa kutoka Mekelle yalizuiwa na wanajeshi barabarani, wahudumu wa afya wakarudishwa. Msemaji wa jeshi akasema waliopigwa ni wapiganaji waliovaa kiraia.

Wangapi humu mmewahi kubishana kuhusu Togoga? Hakuna. Ni karibu kwetu kuliko Mariupol na kuliko Gaza, na hatukubishana, kwa sababu mawasiliano sehemu kubwa ya Tigray yalikuwa yamekatwa na hapakuwa na mtu wa simu tatu gizani. Hakuna picha iliyofika kwenye magrupu yetu, hakuna mtu wa kuitwa mwigizaji. Tunalalamika waandishi wanatuletea uongo, na pale wasipokuwepo hatujui hata kama kuna kitu cha kuulizia.

Nimerudi kwenye grupu leo asubuhi. Sikutukana mtu. Nimeandika tarehe, jina la mji, na kilichompata yule mama hospitali ya pili. Wawili wamefuta makatuni yao. Aliyerusha picha hajafuta, kaniandikia "tuachane na siasa".

Kitu kimoja sikukiandika kule, nakiweka hapa. Ile picha ilipata tuzo ya World Press Photo ya mwaka 2023, na filamu ya Chernov kuhusu siku zile ikapata Oscar mwaka 2024, kwa hiyo uso wa yule mama umeonekana dunia nzima. Lakini siku aliyokufa, waliokuwa wanamhudumia hawakuwahi hata kumuuliza jina. Hawakuwa na muda. Mume wake na baba yake ndio walikuja kuuchukua mwili, na madaktari walishukuru kwamba amepata watu wa kumchukua, asiende kaburi la pamoja. Najua ile nafasi kwenye faili. Jina, umri, mimba ya ngapi. Nimewahi kuiacha wazi usiku mmoja, nikaijaza asubuhi ndugu walipofika.

Alhamisi ni maziwa, kama nilivyoahidi. Njooni na maswali ya kuhifadhi kwa wasio na friji.